Bei Iliyolingana na Pochi Yangu

Mtaa wa Likoma, Kariakoo
Jumatatu, 9 Juni 2025

Wewe Zulekha,

Salamu baadaye, kwanza nikuseme. Idi zote mbili za mwaka huu zimepita hukutia mguu hapa. Ile ya mfungo nikasema haya, mtoto yuko zamu zahanati, wagonjwa hawajui sikukuu. Hii ya kuchinja nimekuwekea maini mpaka Badria wa chumba cha uani akaniambia, "Bi Sitara, hayo maini sasa yanataka sanda." Miaka miwili kasoro mwezi! Masasi ni Ulaya? Basi linaondoka alfajiri, jioni umefika. Mimi niliyekulea hujaota jino, leo nakuona kwenye kioo cha simu ya Badria, tena umeganda mdomo wazi kama samaki changu wa soko la Feri.

Na badala ya kuja wewe, imekuja hela. Simu imelia, laki sita. Chini yake ujumbe mkavu kama wa serikali za mitaa: Bibi shikamoo, naomba uninunulie gitaa la umeme, Mudi atakuja kukusaidia. Basi. Hata "umeamkaje" hamna.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mambo ya hela siyasemi kwenye simu. Nyumba hii ukitaja hela chumbani, uani wanajua kiasi. Shule sikwenda, herufi nimezijulia kwenye magazeti ya kufungia vikombe, kwa hiyo ukiona mstari umepanda mlima, panda nao.

Sasa nijibu. Gitaa la nani? Nauliza kwa sababu nimeona wanawake wa mtaa huu wakinunua pikipiki, na wanaopanda ni wengine. Kama kuna mwanamume amekwambia, "Nunua wewe, mimi nitapiga, tutagawana," niambie mapema hela yako nikurudishie, na huyo mwanamume mlete nimwone macho. Halafu huyu Mudi ni nani? Wa kwa nani? Kwa nini mimi, mwenye soko langu mlangoni, nihitaji mtu wa kunisaidia kununua kitu Kariakoo?

Kuna kitu unanificha. Sijui ni nini, ila nakinusa.

Barua anakuletea Beno, konda wa basi. Nimeifunga kwa uzi mweusi, mafundo matatu. Ukikuta mawili, niambie.

Bibi yako,
Sitara


Masasi
Alhamisi, 12 Juni 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mafundo yalikuwa matatu. Beno ameniambia ulimwapisha kabla ya kumkabidhi, naye akanikabidhi huku ameinua mikono juu kama aliyeshikwa na askari.

Nisamehe kwa Idi. Nilikuwa najibana. Miaka miwili nimeweka hela hiyo kidogokidogo, na nauli ya kuja na kurudi ingeila. Ni hilo tu, Bibi, usitafute jingine.

Gitaa ni langu na nitalipiga mimi. Mwaka mzima sasa, nikitoka zahanati napitia kwa Mzee Vitalis, mwenye bendi inayopiga harusini na kwenye vipaimara huku kwetu, ananifundisha kwa gitaa lake. Mpiga gitaa wake anahamia Mbeya mwisho wa mwezi. Nafasi ni moja na tunaoitaka ni wawili, mimi na kijana mmoja, Benjamini, ambaye ana gitaa lake mwenyewe. Nilimwomba Mzee Vitalis anikopeshe la kwake siku ya majaribio, akanijibu, "Binti, anayekuja kufanya kazi ya ufundi anakuja na chombo chake. Njoo nacho Jumamosi tarehe 28 tukusikie." Nisipokuwa nacho siku hiyo, Benjamini amepita bila kupingwa. Na bendi nyingine huku hakuna, Bibi. Huo ndio mlango wangu.

Sasa nikwambie jinsi ya kulichagua. Spika usinunue, bendi inayo, hela yote iende kwenye gitaa. Cha kwanza ni shingo. Lishike kama fundi seremala anavyokagua ubao, fumba jicho moja, angalia kutoka kichwani kwenda tumboni. Kama shingo imepinda liache, hata ling'ae namna gani. Vile vichuma vilivyolala shingoni pitisha kidole pembeni mwake, visikukwaruze. Funguo za kukazia nyuzi zisizunguke kwa ulegevu. Kisha lichomekwe kwenye spika ya dukani, likikoroma kama dagaa kwenye mafuta, ndani waya zimechoka. Na rangi isikushughulishe. La zamani lililotengenezwa vizuri linalishinda jipya la bei chee.

Lakini hayo yote ni ya macho na vidole. Lazima lipigwe na mtu anayejua, ndiyo maana ya Mudi. Mudi ni fundi wa spika hapo mtaa wa Gerezani. Alikuja huku mwaka jana kutengeneza vyombo vya Mzee Vitalis, tukafahamiana. Mudi anayajua maduka. Mudi si msemaji, usimwone kama ana dharau, ndivyo alivyo. Mwamini Mudi kama mimi.

Nakupenda, na tarehe usiisahau.

Mjukuu wako,
Zulekha


Mtaa wa Likoma
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nakuita hivyo kama marehemu babu yako alivyokuita mkewe mdogo, kwa hiyo tusemeshane kama wake wenza, bila kufichana. Katika karatasi yako umemtaja huyo Mudi mara tano. Mzee Vitalis, mwenye bendi, mara tatu. Mimi, uliyekuwa unaniandikia, umeniuliza hali mara ngapi? Soma mwenyewe.

Jumamosi alikuja. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mbele tu. "Shikamoo Bibi." Marahaba. "Twende?" Twende. Tukatoka Likoma mpaka Gerezani neno hakutia. Nikamuuliza una wazazi? Ndiyo. Una mke? Hapana. Unapata ngapi kwa mwezi? Akasema, "Bibi, angalia bajaji." Mtu anayeulizwa hela akajibu bajaji, mimi namwandika kwenye orodha ya kuchunguzwa.

Akaniingiza kwenye duka la mtu anaitwa Abdulswamad, anauza vyombo vya muziki vilivyotumika. Vimetundikwa ukutani kama mbuzi wa bucha. Kijana wako akapita magitaa yote yanayong'aa, akaenda kunishushia moja la rangi ya kahawia, limechubuka ubavuni, ufunguo mmoja wa nyuzi si wa kwake. Akalichomeka akalipiga kidogo. Sauti ilikuwa sauti, sikatai. Akasema, "Hili, Bibi."

Nikasema moyoni, ehee. Miaka arobaini nimeuza sufuria soko hili. Sufuria iliyotumika ni sufuria iliyozibwa, na anayekusifia iliyozibwa anajua aliyeiziba.

Nikauliza bei. Abdulswamad akasema laki saba na nusu, mwisho. Basi Mudi akamshika bega wakaingia nyuma ya pazia. Wananong'ona! Mimi nimesimama nje nimekumbatia pochi. Wakatoka, Abdulswamad anajifuta jasho, akasema, "Kwa ajili yako Bibi, laki sita."

Laki sita, Zulekha. Sawasawa na kilichomo kwenye pochi yangu, na mimi kiasi sikumtajia mtu. Mimi najua bei inavyoshuka. Inashuka kwa kuapa, kwa kulia, kwa mteja kuondoka mara tatu akaitwa mara nne. Haishuki nyuma ya pazia, na ikishuka haitui palepale pochi ilipokoma. Nikajua huyu ni winga. Unawajua mawinga wa huku, hana duka hana stoo, ana viatu tu. Anakushika mkono anakupeleka kwa mwenye mali, wanakonyezana, bei inavimba, na ukishageuka anarudi kuchukua cha juu chake.

Nikamtoa nje kwa maneno. Sitakuficha, niliinua sauti. Nikamwambia, "Wewe kijana, mama yako anajua kazi unayofanya? Anajua kwamba unawavua bibi za watu barabarani?" Wapagazi wakaacha mikokoteni, muuza kahawa akaacha kugonga vikombe. Nikamtupia elfu tano, "Shika, cha juu chako kwangu ni hicho!" Watu wakacheka. Yeye akaiokota ile noti akasimama ananitazama. Hakujibu hata neno. Ningekuwa mimi nimesingiziwa ningepiga kelele zikasikika Ilala. Aliyenyamaza ana lake.

Halafu nikaenda kununua kama ninavyojua mimi. Kuna duka la vioo upande wa pili, jipya, feni tatu. Nikakuta gitaa jekundu kama pilipili, ndani ya boksi, limefungwa nailoni, na spika yake ndogo, na mkoba, na karatasi ya dhamana yenye muhuri. Nikasema nifungulie nione shingo. Mwenye duka akasema, "Mama, nikifungua si jipya tena, nani atalinunua?" Hilo nikalielewa, hata mimi sufuria mpya sifungui. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole juu ya nailoni, likaitika vizuri. Alianza na laki saba. Nikaondoka mara tatu. Akaapa kwa watoto wake. Nikatoka nalo kwa laki nne na themanini, na jasho lake nimeliona kwa macho, la kweli, si la nyuma ya pazia.

Beno analo kwenye buti, nimemwambia asilipangie mkaa juu. Spika ulisema hutaki, lakini ni ya bure, nani anakataa cha bure?

Na huyo Mudi namba yake ifute.

Bibi yako,
Sitara


Masasi
Ijumaa, 20 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Gitaa nimelipata Jumatano. Nalirudisha leo kwa Beno, pamoja na spika, mkoba na boksi lake.

Shingo imepinda. Nyuzi nikizikaza, kabla sijamaliza wimbo zimelegea. Jana nililipeleka mazoezini nikiomba Mungu lisiniaibishe, likaniaibisha. Benjamini alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Vitalis hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Una siku tisa, binti."

Sikulaumu kwa gitaa. Nakuuliza jambo jingine. Mudi hapokei simu yangu tangu Jumamosi. Nilipompata kwa namba ya jirani yake alisema, "Mwambie bibi yako nimesikia," akakata.

Mudi si winga. Hajawahi kuwa. Ulimfanya kitu gani, Bibi, mbele ya watu wangapi?

Zulekha


Gerezani
Jumamosi, 21 Juni 2025

Kwa Bi Sitara,

Shikamoo Bibi. Ndani ya barua hii kuna elfu tano yako. Niliiokota siku ile kwa sababu ingepeperukia mtaroni, si kwa sababu niliitaka.

Naandika kwa sababu kuongea sijui sana. Kiasi cha hela yako nilikijua kutoka kwa Zulekha. Lile gitaa la kahawia ni la laki saba na nusu kweli, muulize yeyote anayejua vyombo. Nyuma ya pazia nilimwomba Abdulswamad akutajie sita, na kilichobaki mimi nimfidie kwa kazi, ana spika tatu zilizokufa. Nilinong'ona ili usijue. Ungejua ungemwambia Zulekha, na Zulekha akijua amesaidiwa anarudisha kitu hata kama anakihitaji. Wewe umemlea, unamjua.

Sikukujibu pale nje kwa sababu kukujibu ilikuwa ni kumtaja yeye mbele ya wapagazi.

Gitaa nimeomba liwekwe pembeni mpaka Jumanne. Mtume mtu mwingine yeyote unayemwamini alichukue, bei ni ileile sita. Mimi nyumbani kwako sitakuja tena, usinihesabu kuwa nina hasira. Uliuliza kama mama yangu anajua kazi ninayofanya. Mama yangu, Bi Maimuna, ndiye anayekaanga mihogo pale mkabala na duka. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Alikusikia.

Wako mtiifu,
Mudi


Mtaa wa Likoma
Jumanne, 24 Juni 2025

Mke mwenzangu Zulekha,

Soma barua hii umekaa, na gitaa likiwa magotini, kwa sababu Beno atakukabidhi vyote viwili pamoja. Ni lile la kahawia.

Huyo Mudi wako aliniandikia, karatasi ikapitishwa chini ya mlango kama ankara ya maji. Ameandika maneno ya mtu mwema. Nikaisoma mara tatu, na mara zote tatu sikuamini. Maneno ya mtu mwema ndiyo hasa yanayouzwa huku. Nikasema nitakwenda kuona mwenyewe.

Lakini kwanza lile jekundu. Jana asubuhi nimelibeba mpaka duka la vioo. Mwenye duka akanionyesha kibao ukutani, mali ikishauzwa hairudi. Nikatoa karatasi ya dhamana. Akasema dhamana ni ya moto na mafuriko. Sawa. Nikaomba kigoda kwa muuza kahawa, nikakaa mlangoni kwake, gitaa mapajani. Kila mteja anayefika namwambia, "Karibu mwanangu, angalia nilichouziwa humu ndani, fumba jicho moja uone shingo." Sikutukana mtu. Nilikuwa nakaribisha tu. Akaja bwana mmoja na mkewe wanataka redio, wakaangalia shingo, wakaenda zao. Ikaja kwaya nzima, Zulekha, watu saba na mwalimu wao anaitwa Aaron, walikuja kununua kinanda. Yule mwalimu akalichukua gitaa, akalitazama, akaniuliza, "Bibi, hili ulilipa hela?" Nikasema laki nne na themanini. Kwaya ikageuka kama bata. Adhuhuri haijaadhiniwa, mwenye duka akaniletea hela yangu yote kwenye mfuko wa nailoni na soda juu yake. Soda nimeinywa.

Ndipo nikaenda kwa Abdulswamad. Sikuingia. Nilisimama kwenye duka la matairi la jirani, nikachungulia, maana nilijiambia kama ni uongo nitawakuta wanagawana. Pazia lilikuwa limefungwa nusu. Kijana amekaa chini na spika imepasuliwa tumbo, anachomelea waya, jasho linamtiririka puani. Mbili zimeshapona ziko pembeni. Gitaa bado halijanunuliwa, mimi nimemtukana, wewe simu yako haipokei, na yeye anatengeneza spika za ahadi! Nikaingia nikamuuliza Abdulswamad polepole, "Huyu unamlipa?" Akasema, "Bibi, huyu ananilipa mimi. Sijaona mwanamume mkaidi kama huyu tangu niache kuishi na baba yangu."

Nikalipa sita zangu. Nikamwambia kijana, basi inuka, hiyo ya tatu iache. Akasema, "Niliahidi tatu." Kule nyuma kuna giza, anashikilia simu kwa meno apate mwanga. Nikachukua tochi ya Abdulswamad nikakaa kwenye kreti nikammulikia. Na kwa kuwa tochi ninayo mimi, nikaimulika usoni mwake kila nilipouliza.

"Unafaidika nini na gitaa hili?"

"Apite majaribio."

"Akishapita?"

"Apige."

"Akishapiga, wewe unapata nini?"

Akasema, "Bibi, mulika waya, nitaungua."

Nikamulika waya. Baadaye nikarudisha usoni. "Umemfahamu mjukuu wangu muda gani?" Mwaka na miezi minne. "Nauli ya Masasi umelipa mara ngapi?" Akasema mara sita. Spika za Mzee Vitalis zinaharibika mara sita kwa mwaka? Mtoto wa watu akaangalia chini akacheka, mara ya kwanza namwona meno. Anayo mazuri.

Kwa hiyo sasa nakugeukia wewe, maana yeye nimemmaliza. Hukunituma kuchagua gitaa peke yake. Ulitaka nimkague mwanamume bila kujua kwamba namkagua, nizoee uso wake kwanza, nimwone ni mtu wa msaada, halafu siku moja uje useme, "Bibi, unamkumbuka yule Mudi?" Umenipitisha nyuma ya pazia wewe, si yeye. Nami kama ungesema kweli tangu barua ya kwanza, nisingemwita winga. Ningemwita mengine, lakini si hilo.

Alipomaliza alilipiga lile gitaa kwenye spika aliyoifufua. Sijui ni wimbo gani. Wapagazi walisimama tena, safari hii bila kucheka. Nilimwambia, "Mkono wako mwepesi." Kwangu hiyo ni kubwa, unajua sisifii ovyo.

Nimelifunga kwa khanga mbili. Shingo nimeiangalia mwenyewe kwa jicho la kulia, imenyooka. Nenda ukamkalishe chini huyo Benjamini.

Bibi yako,
Sitara


Masasi
Jumapili, 29 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimepita.

Benjamini alianza, akapiga vizuri, nisimnyime haki yake. Kisha nikapanda mimi. Wimbo wa kwanza nilikosea mahali, nikaona Mzee Vitalis ameinamisha kichwa. Wa pili sikukosea. Wa tatu mpiga ngoma akaacha kuniangalia kwa huruma akaanza kunikimbiza, tukakimbizana. Lile gitaa, Bibi, halikulegea uzi hata mmoja. Mzee Vitalis alisema maneno manne tu, "Harusi ya Jumamosi, uje." Benjamini alikuja akanipa mkono, akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia kwa bibi yangu.

Sasa nikwambie kweli, kwa kuwa umesema tusifichane. Sikukosa kuja kwa ajili ya nauli. Nilikosa kuja kwa ajili yako. Unamkumbuka Ridhiwani, yule mwalimu aliyekuja kubisha hodi na barua ya posa mwaka juzi? Ulimsimamisha mlangoni, ukamuuliza mbele ya Badria na wapangaji wote kama viatu alivyovaa ni vyake. Vilikuwa vya kaka yake. Sikumpenda sana Ridhiwani, lakini usiku ule nililia kwa ajili yake, na nikaapa mwanamume nitakayempenda kweli sitamleta mlangoni kwako. Ndiyo nikatafuta njia ya pembeni. Hapo nimekosa mimi. Nisamehe.

Ila na wewe kuna kitu umekipita. Barua yako ni ndefu, umetaja kwaya, umetaja soda, umetaja meno ya Mudi. Bi Maimuna humo hayumo. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta. Uliuliza mbele ya soko kama mama yake anajua kazi ya mwanawe, na mama alikuwa pale na mwiko. Mudi anasema yeye ameshasahau. Mama yake tangu siku ile amehamisha karai lake mpaka mtaa wa pili. Wateja wake wa miaka yote wanamtafuta hawamwoni. Nilimpigia kumpa habari ya bendi, akanipongeza, akasema, "Mwanangu, gitaa zuri hilo, Mungu akubariki nalo. Lakini kwa bibi yako siwezi kutia mguu. Huyo mama ana sauti kubwa na mimi sina."

Mudi hawezi kuleta posa mahali ambapo mama yake hawezi kuingia. Wala mimi siwezi kumwomba.

Mkono mwepesi si neno la kumwambia aliyeitwa mwizi, Bibi.

Nina likizo kuanzia tarehe 10. Sijui kama nije.

Mjukuu wako,
Zulekha


Mtaa wa Likoma
Jumatano, 2 Julai 2025

Zulekha,

Kwanza nilikasirika. Nilisema haya maneno si yake, kuna mtu kamwandikia, mjukuu wangu hajawahi kuniambia hivyo. Nikaitazama herufi moja moja. Ni zako. Nikakaa siku nzima sikuuza hata kifuniko.

Jana nilikwenda Gerezani kumtafuta Bi Maimuna mtaa huo wa pili. Nilimwona kwa mbali, mfupi, khanga ya bluu, anageuza mihogo. Nimesimama kwenye kona. Nilitaka kwenda nikanunua wa elfu moja nikasema lile neno kimyakimya, yaishe. Mguu ukakataa, na nikajua kwa nini umekataa. Kumtukana nilimtukana kwa sauti, soko zima limesikia. Nikimwomba radhi kwa kunong'ona, wale waliocheka watabaki na kicheko chao, na yeye atabaki mtaa wa pili. Hiyo itakuwa tena biashara ya nyuma ya pazia, na mimi ndiye winga.

Huyo Ridhiwani na viatu vyake nimemkumbuka. Nilidhani nakulinda. Nilikuwa nachagua mpaka wasibaki wa kuchaguliwa. Basi.

Na laki zako sita zimekwenda vizuri, nami furaha yangu siku ulipopita ningekuonyesha kama ungekuwa karibu. Badria ndiye aliyeiona. Nilimkumbatia akamwaga uji.

Sasa sikiliza, likizo yako si ya kujiuliza. Unakuja. Panda basi la usiku, shuka Ijumaa tarehe 11 asubuhi, usije nyumbani, mizigo iache kwa Beno. Nenda moja kwa moja Gerezani, mchukue Mudi, mchukueni na mama yake, mje mbele ya duka la Abdulswamad saa nne, soko likiwa limefurika. Nitakuwa nimesimama palepale nilipotupa ile noti, na nitasema kwa sauti ileile. Bi Maimuna akitaka kunijibu muacheni anijibu mpaka achoke. Wewe simama upande wao, upande wangu usije, hata nikikuita. Na ukisikia nimeanza kujitetea, nikanyage mguu, kwa nguvu.

Bibi yako,
Sitara